Kabla Kijiko Hakijaingia Kiwanjani

Mtu akinunua kiwanja huku Kisarawe na kukikuta kimejaa pori, swali lake la kwanza kwangu huwa lilelile: kijiko ni shilingi ngapi kwa siku? Namwelewa. Amejinyima miaka, amelipa, sasa anataka kuiona ardhi yake. Kijiko kinaingia asubuhi, na jua likizama kiwanja kiko wazi kutoka bikoni hadi bikoni, udongo mtupu, hakuna mti hata wa kuegemeza baiskeli. Anapiga picha, anawatumia ndugu. Halafu masika yanaingia, na simu inaita tena.

Mimi ni fundi mwashi. Uashi nilijifunza VETA, ila habari za miti nilizipata kwa baba yangu, aliyekuwa mpasua mbao, na kwa wazee wa Kizaramo ninaofanya nao kazi hadi leo. Nimeitwa kwenye nyumba zenye nyufa, nyumba zinazoingiwa na maji ya mvua mpaka sebuleni, nyumba ambazo mchwa wamemaliza fremu za milango wakati mwenyewe bado analipa mkopo. Mwenye nyumba hulaumu saruji, hulaumu fundi aliyemjengea. Nikichimba pembeni ya msingi, mara nyingi nakuta chanzo: kisiki kilichofukiwa, mizizi iliyooza, kichuguu kilichosawazishwa juujuu kikamwagiwa zege. Nyumba hizo ziliharibika siku kiwanja kiliposafishwa, kabla ya tofali la kwanza. Kwa hiyo ninalomwambia kila mteja, na nalisema hapa kwa moyo wote, ni hili: pori lifyeke kwa mkono, ardhi iache ipigwe na mvua huku ukiitazama, ndipo uamue mti upi uondoke na nyumba ikae wapi.

Kijiko kina kazi zake. Kitachimba shimo la choo, kitasogeza magogo, kitakata ukingo wa kilima kwa saa chache. Tatizo ni kukipa zamu ya kwanza. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mboji unaootesha kila kitu, huku kwetu pengi haufiki sentimita 30 kwenda chini. Meno ya kijiko yanauchanganya na udongo mbichi wa chini, yanausukuma pembeni pamoja na matawi na mizizi, kisha rundo zima linatumika kujazia mabonde ya kiwanja. Dereva analipwa kwa siku. Hatateremka kukagua kama pale alipofukia ndipo kitakapokaa chumba cha kulala. Na uzito wa mtambo wenyewe unaishindilia ardhi kiasi kwamba bustani utakayoitaka baadaye haitapata pa kupenyeza mizizi.

Kisarawe iko takriban kilomita 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam, juu ya vilima vya Pugu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliyopo hapa ni masalia ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ukanda unaohesabiwa na wanasayansi kati ya sehemu za dunia zenye viumbe wasiopatikana kwingine na walio hatarini kutoweka. Viwanja vinavyouzwa sasa havimo ndani ya hifadhi, lakini ni pindo za ardhi ileile. Vingine vilikuwa mashamba ya mikorosho yaliyotelekezwa: chini ya vichaka utakuta mikorosho mikongwe imelaza matawi mpaka chini, miembe, mfenesi mmoja au miwili, pengine mkwaju. Vingine ni vichaka vya pwani hasa, vimefungamana kwa mibungo na miiba kiasi kwamba hata mbuzi huzunguka. Mteja hutamka pori tu, neno moja kwa vyote. Mimi humwomba tuzunguke pamoja kwanza, na tuzunguke na mtu aliyezaliwa hapo.

Kuzunguka huku kunaanza na bikoni. Zitafute zote, uziguse kwa mkono. Kwenye kichaka bikoni hufunikwa na majani, na nimeshaikuta imemezwa na kichuguu. Ikishindikana, mwite mpima ardhi arudi, maana mwembe wa jirani ukishakatwa hakuna radhi inayourudisha.

Kisha kuna wenye miti. Pwani yetu mti na ardhi vimezoea kuwa na wenyewe tofauti. Mtu aliruhusiwa kupanda mikorosho au minazi kwenye ardhi ya mwenzake, akafariki, watoto wakaendelea kuvuna bila mtu kuuliza. Zanzibar jambo hili linafahamika sana kwa mikarafuu na minazi. Huku kwetu nalo lipo, ila muuzaji hulisahau siku ya kuandikiana. Mteja wangu mmoja, mama mwalimu, alikuwa amekamilisha malipo yote. Tukiwa tunapima njia ya gari, akatokea bibi na kikapu chake, akapita katikati yetu hadi kwenye mkorosho wa pembeni akaanza kuokota. Mwalimu akamsogelea. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Nyie ndio mlionunua kwa kijana? Basi huu aliupanda marehemu mume wangu." Hakukuwa na ugomvi. Tulikaa chini ya mti huohuo, akaitwa mjumbe, ikaandikwa karatasi, bibi akalipwa fidia yake na akaruhusiwa kuvuna msimu ule. Fikiria kama tungekuwa tumeleta mashine siku ile.

Makaburi nayo. Kaburi la zamani halina saruji wala jina. Ni mawe machache yaliyopangwa, pengine kipande cha bakuli, pengine mti wa peke yake ambao hakuna anayekumbuka kwa nini haukukatwa. Waulize wazee wa mtaa kwa sauti na mbele ya watu. Likipatikana, halihamishwi kwa uamuzi wa mwenye kiwanja na vibarua wake. Kuna familia, kuna dini, kuna serikali. Kwa uzoefu wangu, njia ya amani ni kuliacha lilipo, kulizungushia ua na kuisogeza nyumba.

Upande wa sheria sitakaa sana, ila mambo mawili usiyaruke. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa miti iliyohifadhiwa, na mti wa namna hiyo haukatwi bila kibali hata ukiwa nje ya hifadhi. Ukiona mvule, mpingo, mninga au mkongo kwenye kiwanja chako, nenda ofisi ya misitu ya wilaya kabla ya kugusa. Mpingo mchanga una miiba na umejikunja. Kibarua asiyeujua huufyeka akidhani ni kichaka cha kawaida, kumbe huenda umeishi miaka mingi kuliko yeye. Vilevile usidhani kuwa miti ikiwa yako unaweza kuichoma mkaa ukaupakia kwenye kirikuu na kuondoka nao. Mkaa ni zao la misitu, una kibali chake na una hati yake ya kusafirishia. Jambo la pili ni mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hapa vilimani vijito ni vingi. Kijito kilichokauka mwezi Septemba bado ni kijito.

Ratiba ninayoipenda ni ndefu, na wateja huikunjia uso. Fyeka Septemba, ardhi ikiwa kavu. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ikupe somo la maji. Kata miti na ung'oe visiki Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei yakandamize mashimo uliyofukia. Msingi uanze Juni. Asiyeweza kusubiri hivyo, basi angalau ashuhudie mvua moja kubwa kati ya kufyeka na kukata. Hapo sikubali kupunguza.

Kufyeka kwenyewe ni kazi ya panga na kwanja, gambuti miguuni na mikono mirefu ya shati. Tunatoa vichaka na miche myembamba, tunaacha kila shina linalozidi unene wa mkono. Majani yaliyofyekwa yanabaki chini kama matandazo, na mizizi ya nyasi haiguswi, kwa kuwa ndiyo inayoshika kilima.

Kiangazi ndicho kipindi ambacho upupu umekauka na manyoya yake yanapeperuka ukiutikisa tu. Tunaushughulikia alfajiri, umande ukiwa bado umeyalowesha: shina linakatwa chini kabisa, mmea unakunjwa kwa uma wa mti na kuwekwa mbali na watu. Mnyaa wa uzio wa zamani ukatwe na mtu mzima aliyefunika macho, kwani utomvu wake ukiingia jichoni ni kuosha kwa maji mengi na kwenda hospitali. Mkorosho na mwembe ni ndugu, na utomvu wa yote miwili hubabua ngozi ya baadhi ya watu. Kijana akianza kuwashwa mikononi, nampa kazi nyingine.

Nyoka wengi hukimbia mtikisiko. Kwa sababu hiyo hatuzingiri kichaka pande zote. Tunaanza upande mmoja na kusonga kuelekea pori lililo wazi ili wapate pa kutokea. Kifutu ndiye hatari, maana yeye hutulia palepale akitegemea rangi yake, na ukimkanyaga anauma. Mtu akiumwa hachanjwi, jeraha halinyonywi, mguu haufungwi kwa kamba ya kukata damu. Analazwa atulie, kiungo kisitikisike, bodaboda au gari limkimbize hospitali. Nambari ya dereva ninayo kwenye simu kabla kazi haijaanza. Kukiwa na nyuki kwenye pango la mti, namtafuta mrina asali aje usiku na moshi wake. Ukiingia na chensoo mchana kwenye mti wenye nyuki, unahatarisha mtaa mzima.

Kuna kazi moja ya kufyeka ambayo watu huidharau nami huipa uzito: kukata mitambaazi. Kwenye vichaka vya pwani mbungo mmoja huweza kufunga vilele vya miti mitatu. Utakata mti huu ukitegemea uangukie kusini, nao utavutwa na kamba usiyoiona, uzunguke, ukuletee tawi la mti wa pili kichwani. Ndiyo maana mitambaazi yote inakatwa chini siku ya kufyeka, ikaukie huko juu. Ikifika Januari imeshakuwa dhaifu, na miti imeachana.

Sasa mvua. Vuli inaponyesha, namwomba mwenye kiwanja aje na mwavuli. Nakuja na vigingi. Maji yanapopita kwa nguvu, kigingi. Yanapotuama, kigingi. Yanapoingia kutoka kwa jirani wa juu, kigingi chenye kitambaa chekundu. Tunarudi saa kadhaa baada ya mvua kukatika, kwa sababu kwenye vilima hivi kuna mahali udongo wa kichanga umelala juu ya mfinyanzi, na maji yaliyozama juu hutokeza tena katikati ya mteremko, mahali ambapo kiangazi ungeapa ni pakavu. Hapo nyumba isikae. Hapo pia shimo la choo lisikae. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini hakina nafasi ya kukwepa kila kitu, lakini hata kusogeza msingi mita mbili huweza kukuondolea balaa la maisha.

Siku hizohizo za mvua ndipo naangalia jua na upepo. Jua la alasiri, la magharibi, ndilo linalopika vyumba vya huku. Mti mkubwa upande wa magharibi unafanya kazi ambayo feni haiwezi. Mwezi Juni jua linapita kaskazini yetu, kwa hiyo baraza la kaskazini lisilo na kivuli huwa la moto hata wakati wa baridi. Kusi huja kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Pande hizo miti ibaki, lakini matawi ya chini yatolewe, upepo upite chini ya vilele na kuingia madirishani.

Kuna familia iliyoniletea mchoro wa nyumba tayari, umepigwa muhuri wa kibali cha ujenzi, na baraza lake liliangukia kwenye mkwaju mkubwa. Mchoraji alikuwa hajafika kiwanjani. Baba wa familia alitaka mkwaju ukatwe siku hiyohiyo. Mama mkwe wake, ambaye hakuwa amesema neno tangu wafike, aliketi kwenye mzizi wa mti huo akavua viatu. Tulikaa pale mpaka jua likapinda, na mkwaju ukatufunika sote. Mchoro ulirudishwa kwa mchoraji ukageuzwa upande, jiko likaenda mashariki, halmashauri ikapelekewa marekebisho. Iliwagharimu fedha na kungoja. Baraza lao leo ni mahali ambapo mtaa mzima unakuja kupumzika mchana, na ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote nilizofanya Kisarawe.

Mti wa kuacha una masharti. Mwembe mkubwa usiusogelee kwa ukuta. Mimi hupenda umbali usiopungua nusu ya urefu wake. Mfenesi usiwe juu ya paa, kwani fenesi moja laweza kupita kilo 20 na bati halitalihimili. Mnazi mkongwe ulioinamia nyumba uondoke. Mti wenye shimo la kuoza shinani, ugonge kwa mgongo wa panga usikie: ukilia wazi, uondoke.

Ukishaamua ubaki, ulinde kwa vitendo. Watu hudhani mizizi iko chini ya shina ikielekea chini. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti imo ndani ya sentimita 60 za juu, na imetambaa kupita mwisho wa matawi. Lori la mchanga likiegeshwa kivulini, linaikaba. Zege likichanganywa pale na maji ya saruji yakamwagwa pale, linaiunguza. Mti hautakufa mwaka huo. Utaanza kukauka ncha baada ya miaka miwili au mitatu, na mwenye nyumba atasema ni ugonjwa. Kwa hiyo kabla lori la kwanza halijaja, nazungushia kila mti uzio wa mirunda kufuata ukingo wa kivuli chake, na mafundi wote wanaambiwa ndani ya uzio hakuingizwi hata toroli.

Kuangusha mti ni kazi ya anayeijua, sitafundisha mtu kwa karatasi. Niseme tu unachopaswa kuona ukiwa mwenye kiwanja. Mwenye chensoo aanze na mdomo upande ambao mti utaangukia, akate kina cha kama robo ya shina hadi theluthi, kisha azunguke nyuma akate juu kidogo ya usawa huo, na abakize ubavu wa mti usiokatwa katikati, ambao unauongoza mti unapolala. Akikata moja kwa moja mpaka ng'ambo, msimamishe. Watu wengine wote wakae mbali, umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Waya wa umeme ukiwa karibu, TANESCO waitwe kwanza.

Kwa kisiki nitakaa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo nyumba nyingi huponea au kuangamia. Nafanya kazi na babu mmoja mchimba visiki, mtu mwembamba, na sijaona kijana wa kumfikia. Jambo la kwanza analodai ni mti usikatwe chini. Shina liachwe usawa wa kifua, kwa sababu urefu huo ndio utakaotumika kukiyumbisha kisiki baadaye. Wakatao chini kabisa wanajinyima mkono wa kukivutia.

Babu anachora duara kama mita moja kutoka shinani, anachimba mtaro kwa sururu na beleshi mpaka mizizi ya pembeni ianze kujitokeza. Haipigi shoka ikiwa na udongo. Anamwagia maji kutoka kwenye kidumu, anaifuta kwa gunia, ndipo anainua shoka, kwa sababu mchanga wa huku humaliza makali kwa mapigo machache. Kila mzizi anaukata mara mbili: kwanza upande wa mbali, ukingoni mwa mtaro, kisha karibu na shina, na kipande cha katikati anakitoa nje. Nilimuuliza kwa nini asikate mara moja tu. "Mjukuu wangu," akasema, "mzizi uliokatwa mara moja bado umekaa njiani. Utaupiga na beleshi mpaka jioni." Nafasi iliyo wazi ndiyo inayomwezesha kuingia chini zaidi.

Mizizi ya pembeni ikishaisha, anafunga kamba kileleni mwa lile shina, vijana wanavuta kwenda na kurudi, taratibu. Babu yuko magotini anasikiliza. Kisiki kinapoanza kutikisika, chini husikika mlio wa mzizi mkuu ukipasuka, naye anajua upande gani bado umeshika. Anaelekeza mtarimbo pale, anakata kwa msumeno wa mkono, na kisiki kinalala upande wa chini wa mteremko, ambako hakusimami mtu. Kisha anaifuata mizizi iliyobaki kuelekea kwenye mistari ya msingi, na kila mzizi unaozidi unene wa kifundo cha mkono unatolewa.

Kazi hii ni ya ndani ya mistari ya nyumba, na mita chache kuzunguka. Nje ya hapo kisiki kikatwe usawa wa ardhi na kiachwe. Kinashika udongo na kitaoza bila kumdhuru mtu. Usikichome moto. Moto huingia kwenye mizizi ukatambaa chini kwa siku nyingi ukatokea kwenye mikorosho ya jirani, na mizizi ikishaungua inaacha mahandaki ambayo maji yatayapata.

Shimo la kisiki lijazwe kwa udongo safi, bila jani wala tawi, kwa tabaka za sentimita 15: mwaga, nyunyizia maji, shindilia, ndipo tabaka lingine. Kisiki kilichofukiwa, au shimo lililojazwa takataka za miti, kitaoza chini ya jamvi na kuacha uwazi. Sakafu italia wazi ukiigonga, halafu itapasuka. Na kabla haijapasuka mchwa watakuwa wameshaalikwa, kwani mbao zinazooza gizani ndizo wanazozitafuta.

Kichuguu kilicho kwenye mistari ya nyumba kinahitaji uvumilivu uleule. Kukisawazisha kwa beleshi ni kuwavua paa tu. Wiki moja baadaye wameshajenga. Tunachimba katikati kushuka hadi usawa wa ardhi na chini yake, tukipita vyumba vyenye masega ya kijivu ambamo mchwa hulima ukungu wao, mpaka kwenye chumba cha udongo mgumu cha malkia. Malkia ana ukubwa wa kidole, mweupe, hawezi kutembea. Anatolewa, masega yote yanatolewa, mahandaki yanafuatwa, na shimo linajazwa na kushindiliwa kama la kisiki. Hata hivyo dawa ya mchwa chini ya msingi bado iwekwe, kwa maana makundi jirani yapo. Udongo wa kichuguu usiutupe. Ni mzuri kwa tofali za kuchoma, na kina mama wa huku huutaka kwa kukandika.

Mbao na magogo yapange kabla hayajatawanyika. Matawi manyoofu yatafaa kwa uzio wa muda na kivuli cha mafundi. Gogo la mwembe lina wanunuzi, hadi wachongaji wa mitumbwi ya pwani, ila lisikae chini muda mrefu, huliwa upesi na wadudu. Matawi madogo yakatwekatwe na yatandazwe kwenye mteremko kufuata usawa, wala yasirundikwe bondeni kuziba njia ya maji.

Udongo wa juu wa eneo la msingi uparuliwe kwa beleshi na kuwekwa rundo lake peke yake, mbali na kifusi, ufunikwe kwa majani. Vibarua watataka kuutumia kujazia ndani ya msingi kwa sababu upo karibu. Kataa. Mboji ndani ya msingi huoza na kudidimia kama mizizi. Rundo hilo lingoje mpaka nyumba ipauliwe, ndipo lirudishwe kwenye bustani.

Limebaki jambo la majirani, na huku ndiko ninakohangaika zaidi siku hizi. Mteremko mmoja unauzwa viwanja kumi na wanunuzi kumi wasiojuana. Wa juu akiparua chote, maji na tope lake vinashukia kwa wa kati, aliyeacha miti yake yote kwa uangalifu, na uangalifu wake haumsaidii. Nimeanza kukataa kazi ya kiwanja cha mteremkoni mpaka mwenye nacho anikutanishe na wa juu yake na wa chini yake, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Tunakubaliana mambo machache: kila mpaka unaokatiza mteremko ubakiziwe ukanda wa mita mbili wa nyasi na vichaka, au upandwe vetiva, mtaro wa maji uwe mmoja, upite mpakani, uchimbwe kwa gharama ya wote, na anayetaka kuleta kijiko awaambie wenzake kabla. Wengine hufika wamenuna, wakidhani nawaongezea mikutano. Kwenye kilima kimoja kuelekea Visegese wamekubali, na mtaro wao tutaanza kuuchimba mwezi Septemba, kuanzia chini kwenda juu, ili vuli ikianza uwe tayari una pa kumwagia.